Kikohozi cha mkamba, siku ya 11: kwenu kazini mwapewa siku za kuugua?

MpishiWaMkomani aliandika:

Assalaam alaykum ndugu zangu. Naandika nikiwa kitandani, mto nimeutia mgongoni kwa sababu nikilala chali kifua chabana. Leo ni siku ya 11 tangu kikohozi kinishike. Kesho natakiwa nirudi kazini, na nina maswali mawili. Moja la afya, la pili ndilo limeniuma kuliko mbavu.

Mimi ni mpishi katika nyumba moja ya wageni Shela. Kwangu ni Lamu mjini, Mkomani. Kila alfajiri nakwenda kwa miguu kwa njia ya pwani, na mwajua mwezi huu wa Julai upepo wa kusi ulivyo: ukitoka mjini kwenda Shela wote waupokea usoni. Mwanangu alirudi na mafua kutoka madrasa. Siku mbili baadaye koo likaanza kuniwasha, kisha viungo vyote vikauma kama niliyetwanga kutwa. Jumapili usiku kikohozi kikaingia, kikavu, kile cha kukupinda mgongo.

Jumatatu nikaenda kazini. Chai na mayai twapikia gesi, lakini samaki twachoma kwa makaa, na seredani iko pembe isiyopita upepo. Moshi uliponipiga nilikohoa hadi nikashika meza. Nikamwambia tajiri wangu sijiwezi. Akasema, "Hicho ni kikohozi tu, meza dawa kitapoa." Hakusema kwa ubaya. Kwetu mtu akiwa na homa ya kutetemeka, watu wamfunika shuka na kumpelekea uji. Akiwa na kikohozi aambiwa anywe tangawizi aende zake.

Jioni nikapita duka la dawa, nikauziwa vidonge vya antibaiotiki, amoksilini, vya siku 5. Hakuna aliyenisikiliza kifua wala kunipima joto. Jumanne nikaenda tena kazini. Jumatano ni siku yangu ya kupumzika, na badala ya kulala nikafua nguo za wiki nzima. Makohozi yakaanza kutoka, kwanza meupe, kisha kijani, nikazidi kuogopa. Alhamisi wageni 9 wako mezani wangoja, nikaona ukuta wazunguka. Nilikaa kwenye ngazi na mwiko mkononi, nikashindwa kuinuka. Kijana wa bustani ndiye aliyenishika hadi kwenye boti ya kurudi mjini.

Hospitalini daktari alinisikiliza kifua mbele na nyuma, akahesabu pumzi zangu kwa dakika nzima, akanibana kidole na kile kipimo cha oksijeni: 97. Joto 38.1. Akaniuliza kama natokwa jasho usiku, kama nimepungua uzito, kama natema damu. Zote hapana. Akasema ni mkamba, mirija ya hewa imevimba, umeletwa na virusi, na ile amoksilini haikuwa na kazi. Akanipa panadoli na karatasi ya ruhusa ya ugonjwa ya siku 5, Ijumaa hadi Jumanne. Akanisisitiza nilale kweli, na nikae mbali na moshi.

Nilimtumia tajiri picha ya karatasi nikiwa bado kwenye benchi la hospitali. Jana malipo yakaingia kwa simu: siku zote 5 zimekatwa, shilingi 4,000. Nilipouliza nikajibiwa kwamba mimi ni kibarua, na kibarua halipwi siku asiyofika. Nimepika katika nyumba ile miezi 14, siku 6 kwa wiki. Mkataba wa karatasi sina.

Homa imekwisha tangu Jumapili na chakula kinapita. Lakini kikohozi kipo, hasa usiku. Je, nirudi kesho? Na zile siku 5, ni haki yangu au naomba sadaka?

---

NyanyaLangoni aliandika:

Pole mwanangu, Mola akupe shifaa. Asali kijiko kimoja kabla ya kulala, na tangawizi uichemshe na mdalasini, uinywe ikiwa vuguvugu. Ndimu kidogo tu, ikizidi yakwaruza koo. Mama yetu alitupa hivyo hivyo. Na mwambie mwenye nyumba kwamba mpishi anayekohoa hawekwi juu ya chungu cha watu.

Jambo jingine, yeo usifukize udi chumbani. Najua kwetu nyumba bila udi haijawa nyumba, lakini moshi ni moshi, hata unukie vipi. Kifua chako hakijui kuwa huu ni udi na ule ni makaa. Na dawa ya mbu ya kuchoma pia iweke kando, tumia chandarua.

---

MuuguziWaZamu aliandika:

Dada, pole. Nyanya amesema kweli kuhusu moshi, na asali ina manufaa kwa kikohozi. Naongeza moja tu kwa wanaosoma wenye watoto wachanga: aliye chini ya mwaka 1 hapewi asali kabisa, hata ya kulambishwa, kwa sababu yaweza kumletea sumu hatari tumboni. Na kujifukiza kwa maji ya moto chini ya shuka kumeleta wodini watoto waliobabuka mapaja, nimewaona mwenyewe. Kama wataka mvuke, simama bafuni na maji ya moto kwenye ndoo, mbali na mwili.

Sasa mkamba wenyewe. Zaidi ya 9 katika 10 ya mikamba hii ya ghafla huletwa na virusi, wale wale wa mafua na wa homa ya mafua makali. Virusi hushuka kutoka puani na kooni hadi kwenye mirija mikubwa ya mapafu. Ngozi laini ya ndani ya mirija huvimba na kutoa ute, nawe wakohoa ili kuutoa. Virusi wenyewe huisha siku chache, lakini ile ngozi iliyochubuka huchukua muda kupona, na wakati huo kitu chochote chaishtua: upepo, moshi, kicheko, kuongea sana. Ndiyo maana homa yako imekwisha na kikohozi kipo.

Wagonjwa wengi hudhani kikohozi kitaisha kwa wiki moja. Kwa wastani huchukua kama siku 18, na wiki 3 si ajabu. Siku ya 7 mtu akiona bado anakohoa, anakimbilia duka la dawa kununua antibaiotiki, kisha zikifika siku 14 ananunua nyingine kali zaidi. Antibaiotiki zilipopimwa kwa mkamba wa mtu mzima asiye na maradhi mengine, zilipunguza kikohozi kwa kama nusu siku tu. Kwa nusu siku hiyo unaharisha, unatoa pesa, na unawafunza vijidudu vya mwilini kuzizoea dawa tutakazozihitaji siku ya nimonia.

Na makohozi ya kijani, ndugu zangu, tafadhali. Rangi hiyo hutoka kwenye chembe nyeupe za damu zinazopigana. Peke yake haikwambii kama ni virusi au bakteria.

Daktari wako alihesabu pumzi kwa sababu alikuwa anatafuta nimonia. Mtu mzima akipumua zaidi ya mara 24 kwa dakika akiwa ametulia, au moyo ukipiga zaidi ya 100, au joto likapita 38, au kifua kikasikika vibaya upande mmoja, hapo hatuishii kwenye neno mkamba, twapima zaidi na huenda tukapiga picha ya kifua. Wewe ulikuwa na joto peke yake, pumzi na oksijeni zilikuwa sawa. Lakini ukianza kukosa pumzi ukipanda ngazi za nyumbani, ukatema damu, homa ikarudi baada ya kuondoka, au kifua kikachoma ukivuta pumzi, usingoje asubuhi. Na mzee, mja mzito, mwenye pumu, sukari au ugonjwa wa moyo asingoje hata hizo dalili, aonwe mapema.

Swali lako la kurudi: usisubiri kikohozi kiishe, maana utakaa nyumbani wiki 3. Angalia mambo mawili. Homa imeondoka siku nzima au zaidi bila panadoli? Na waweza kutembea hadi Shela bila kukaa njiani? Kama ndiyo, rudi, lakini usirudi kwenye seredani. Mpishi aliye na mkamba na moshi wa makaa kila siku, huyo atakohoa hadi Septemba.

---

MpishiWaMkomani aliandika:

Shukran sana dada muuguzi, na nyanya. Homa imekwisha siku ya tatu sasa na panadoli niliiacha Jumatatu. Ila jana nilikwenda hadi Utukuni kununua samli, nikarudi nimechoka kama niliyebeba gunia. Shela ni mbali zaidi kuliko hapo.

---

MuuguziWaZamu aliandika:

Basi mwili unakujibu mwenyewe. Rudi hospitalini kesho asubuhi uonwe tena, uongezewe siku 2 au 3 kwa karatasi. Usikae tu nyumbani kwa kupiga simu.

---

MwakilishiMalindi aliandika:

Naingia hapo kwenye karatasi, kwa sababu ndipo wafanyakazi wengi wa hoteli huku Malindi na Watamu wanapoangukia. Nimewakilisha wenzangu kazini kwa miaka kadhaa, na kesi za kuugua ndizo nyingi, hasa za kikohozi, kwa sababu hakuna anayeziamini.

Dada, hiyo ni haki yako. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 30, yasema hivi: mfanyakazi aliyetumikia miezi 2 mfululizo ana haki ya siku zisizopungua 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, kisha siku 7 nyingine kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12. Masharti ni mawili. Ulete cheti kilichotiwa sahihi na daktari au anayemwakilisha katika zahanati, na umjulishe mwajiri mapema iwezekanavyo kwamba huji na kwa nini. Wewe ulituma picha ukiwa kwenye benchi. Yote mawili umeyatimiza. Ihifadhi ile picha na saa uliyoituma.

Sasa neno "kibarua". Kifungu cha 37 kinasema mtu aliyeajiriwa kwa siku akifanya kazi mfululizo kwa jumla ya mwezi mmoja au zaidi, mkataba wake hugeuka kuwa wa mwezi kwa mwezi. Na akifikisha miezi 2 tangu aajiriwe, anastahili masharti yale yale kama ambaye hakuanza kuwa kibarua. Wewe una miezi 14. Tajiri kukuita kibarua hakubadilishi kitu.

Kuhusu kukosa mkataba wa maandishi, wengi hudhani hilo linawafunga mdomo. Kinyume chake. Kazi ya miezi 3 au zaidi inatakiwa iandikwe, na mwenye jukumu la kuiandika ni mwajiri. Mkifika mbele ya mwamuzi na hana maandishi, ni yeye anayebeba mzigo wa kuthibitisha kwamba mlikubaliana vingine. Ujumbe wako wa malipo ya simu wa miezi 14 ni ushahidi mzuri sana.

Usianze kwa vita. Mwandikie ujumbe wa adabu, utaje kifungu cha 30, utaje tarehe, uambatishe karatasi. Akikataa, ofisi ya leba hupokea malalamiko bila wakili. Na mtu kufutwa kwa sababu amechukua likizo anayostahili kisheria hakukubaliki, kifungu cha 46 kimelitaja hilo waziwazi.

Jambo moja linalonisikitisha: Jumatatu na Jumanne ulikuwa mgonjwa na hukuwa na karatasi. Wengi hungoja waanguke. Nenda siku ya kwanza, hata kama daktari atakupa siku 2 tu. Karatasi haiangalii nyuma.

---

NyumbaYaVyumbaVinne aliandika:

Nami niseme kutoka upande wa pili, na naomba nisikilizwe kwa sababu sina uadui na dada huyu. Nina nyumba ndogo ya wageni, vyumba 4, wafanyakazi 3. Mpishi akilala siku 5, nalipa yeye na nalipa wa badala yake. Wakati wa wageni wachache, Mei na Juni, siku 5 hizo ni faida ya mwezi. Na nimewahi kuletewa karatasi na mtu niliyemwona mwenyewe jioni akicheza mpira Wiyoni. Yakikufika hayo mara mbili, unaanza kumtilia shaka hata aliye mgonjwa kweli.

Lakini mwaka jana kijana wangu wa vyumba alikuja kazini anakohoa, nami nikamwacha. Wiki ile ile mpishi akashikwa, kisha mimi, kisha mgeni mmoja mzee ambaye tulimpeleka hospitalini usiku kwa boti. Nilifunga vyumba 2 siku 6. Nikipiga hesabu, ningempa yule kijana siku 4 za mwanzo kwa mshahara kamili, ningebaki na pesa nyingi zaidi. Yule mzee alipona, alhamdulillahi, lakini ule usiku sijausahau. Tulimshika mabega wawili huku anatafuta pumzi.

Sasa nimekubaliana na jirani yangu mwenye nyumba kama yangu: mpishi wake akiugua, wangu hupika chakula cha kwake cha asubuhi na kulipwa ziada, na wangu akiugua vivyo hivyo. Haijatugharimu sana. Dada, kama tajiri wako ana moyo, mpe wazo hilo pamoja na ile sheria. Sheria peke yake humfanya mtu ajifunge.

---

MwakilishiMalindi aliandika:

Wazo zuri, kaka, na nitalichukua huku kwetu. Ila kuhusu aliyecheza mpira: mshughulikie yeye. Usimkate mwingine kwa kosa lake.

---

NyumbaYaVyumbaVinne aliandika:

Nakubali.

---

NahodhaWaMokowe aliandika:

Nyinyi mna tajiri wa kudai. Mimi boti ni yangu, navusha watu Mokowe na Lamu. Nikilala, sina wa kumwandikia barua. Mwezi wa sita mwaka jana mkamba ulinishika, nikaendelea kuvusha siku 8 na shati limelowa kwa mawimbi ya kusi. Siku ya 9 nikawa natetemeka usukani, abiria wakaniona. Ilikuwa nimonia. Nikalala wodini siku 5 na nyumbani wiki 2.

Baada ya hapo tulikaa barazani watu 11 wa boti, tukaanzisha mchango. Kila mmoja atoa shilingi 50 kwa siku anayofanya kazi. Mwenzetu akiugua na akawa na karatasi ya hospitali, apata 500 kwa siku, hadi siku 7. Haitoshi nyumba yenye watoto 5, lakini yanunua unga, na mtu alala bila kusikia injini za wenzake zikimwita. Tangu tuanze wamenufaika 4. Ami yangu mmoja alikuwa hataki kutoa, sasa ndiye mweka hazina.

---

MchongaNakshi aliandika:

Naomba nimwongezee muuguzi jambo, kwa sababu mimi niliambiwa mkamba na haukuwa mkamba.

Nachonga milango. Vumbi la mbao na msasa ni maisha yangu, kwa hiyo kikohozi nilikizoea. Nikanunua antibaiotiki mara 3 katika maduka tofauti. Kila nikimaliza, napata nafuu siku mbili tatu, kinarudi. Shuka nililowesha jasho nikadhani ni joto la chumba. Mke wangu ndiye aliyeona suruali hazinikai kiunoni. Wiki ya 7 nikapimwa makohozi hospitali ya serikali, ikaonekana ni TB, kifua kikuu. Kupimwa bure, dawa bure, miezi 6, nikamaliza zote. Leo nachonga, na barakoa naivaa.

Mtoto wangu wa miaka 4 ilibidi apewe dawa za kinga kwa sababu alikuwa analala nami. Hilo ndilo linaloniuma. Wiki 7 zile nilimpumulia mtoto usoni.

Kwa hiyo dada, kama wiki ya tatu itakwisha na bado wakohoa, usiniige.

---

MuuguziWaZamu aliandika:

Kaka, shukran kwa kulisema hadharani, watu wengi hulificha. Nami nitilie mkazo: kikohozi kikifika wiki 2, omba upimwe makohozi, hata kama unajihisi vizuri na hata kama umeambiwa ni mkamba. Si kwamba tunakushuku. Kipimo ni bure na kinaondoa wasiwasi wa nyumba nzima. Dada mpishi, ukienda kesho ni siku ya 12, mwambie daktari idadi hiyo ya siku waziwazi.

---

MpishiWaMkomani aliandika:

Ndugu zangu, nimerudi na habari. Leo ni siku ya 20.

Kesho yake baada ya kuandika nilikwenda, nikapewa siku 3 zaidi, na kikombe cha makohozi nikapewa nikakijaza asubuhi iliyofuata. Majibu yalikuja mazuri, hakuna TB. Nilipoyasoma nililia, kaka mchonga nakshi, kwa sababu tangu nisome jambo lako nilikuwa namlaza mwanangu chumba cha mamangu.

Tajiri nilimwandikia kama alivyonifunza mwakilishi, kwa adabu, na kifungu, na picha ya saa niliyotuma karatasi. Siku mbili hakujibu. Siku ya tatu akanipigia, akasema hakuijua sheria hiyo, alifuata alivyokuta kwa wengine. Ile 4,000 imerudi yote. Zile siku 3 za nyongeza tumekubaliana 2 kamili, kwa kuwa zinafikisha 7, na 1 kwa nusu. Mkataba ameahidi tuuandike mwisho wa mwezi, nami nitamkumbusha.

Nimemwomba seredani itolewe nje, chini ya mwarobaini uani. Kijana wa bustani ndiye anayewasha makaa sasa, mimi naja yakishakuwa mekundu na moshi umekwisha. Kukohoa bado nakohoa mara mbili tatu usiku, lakini njia ya Shela jana niliimaliza bila kukaa.

Nahodha, nimeongea na wapishi wenzangu 6 wa Shela kuhusu mchango kama wenu. Wawili wamekubali. Twakutana Jumatano baada ya alasiri, na kama una nafasi, uje utueleze mlivyoandika daftari lenu.

---

NahodhaWaMokowe aliandika:

Nitakuja na daftari lenyewe. Alasiri natia nanga Shela kabla maji hayajatoka.